Nimefika ng'ambo, sasa natamani kurudi kabla muhula haujaisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nilichaguliwa kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikaja kusoma muhula mmoja katika chuo cha nchi nyingine. Tulioomba tulikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo jina langu lilipotoka nyumbani kwetu kulikuwa kama kuna harusi. Baba alimtangazia kila mtu. Ndiyo sababu nakuandikia wewe badala ya kuwaambia wao.

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu kweli. Tulitembezwa chuo kizima, tukafanyiwa hafla ya kukaribishwa, nikapiga picha kila kitu. Kisha masomo yakashika kasi na ile furaha ikakatika. Sasa tumefika katikati ya muhula. Vipindi vikiisha narudi moja kwa moja bwenini na kujifungia.

Majirani zangu wa bwenini si watu wabaya. Tukikutana jikoni wananisalimu, wanatabasamu, wanabeba chakula chao na kuingia vyumbani. Nimewahi kukaa pale makusudi nikingoja mtu aanzishe mazungumzo, hakuna aliyeanzisha. Darasani ni vigumu zaidi. Lugha ya kufundishia naijua, niliifanyia mtihani nikafaulu, lakini kwenye semina watu wanaongea haraka na kudakana maneno. Mpaka nimalize kupanga sentensi yangu kichwani, mada imeshahama. Kuchangia semina kuna alama zake, na mimi sijafungua mdomo hata mara moja. Kwenye kazi ya kikundi niko na wenyeji watatu wanaojuana tangu mwaka wa kwanza. Katika kundi letu la simu wanaandikiana kwa lugha yao, kisha mmoja ananifupishia. Kazi niliyopewa ni kupanga marejeo, basi.

Insha yangu ya kwanza imerudi na alama ambayo sijawahi kuipata. Mhadhiri ameandika pembeni: "Umesimulia vizuri, lakini hoja yako ni ipi?" Nimesoma maneno hayo tena na tena na bado sielewi anachotaka, maana nilisoma vitabu vyote na kueleza kila mwandishi amesema nini.

Marafiki ninao, ila wote ni wanafunzi wa kubadilishana kama mimi, kutoka nchi mbalimbali. Tunacheka, tunatembea pamoja mwisho wa wiki. Lakini najiona nimeshindwa, kwa sababu nilikuja kuwajua wenyeji, si wageni wenzangu. Kila usiku napiga simu nyumbani, tunaongea hadi usiku wa manane, naamka nimechoka. Nawaambia mambo yanakwenda vizuri. Wakiniomba picha natuma zile za wiki za mwanzo.

Shangazi, nimeanza kufikiria kuomba kurudi. Je, mimi ndiye mwenye kasoro? Nirudi? Na nikirudi, wazazi nitawaambia nini?

Mpweke wa Bwenini

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya yote, nijibu moyoni mwako: unalala? Unakula? Unaamka na kwenda darasani? Kama majibu ni hapana kwa siku nyingi mfululizo, au kama imekupitia kichwani kwamba ni heri usiwepo, acha kunisoma sasa hivi uende kwa mshauri nasaha wa chuo au kwa daktari, leo. Vyuo vingi vina huduma hiyo, na mwanafunzi wa muhula mmoja ana haki nayo sawa na wa miaka minne. Nikiisoma barua yako naona mtu aliyechoka na mpweke ambaye bado anahangaikia alama za semina, na hilo linanipa moyo. Lakini mimi sikuoni. Wewe ndiye unayejijua.

Kasoro huna. Mwaka 1954, mwanaanthropolojia mmoja mzaliwa wa Kanada, Kalervo Oberg, aliwahutubia wanawake wa klabu moja mjini Rio de Janeiro juu ya yanayowapata watu wanaohamia nchi za kigeni. Hotuba hiyo ilichapishwa mwaka 1960 na inasomwa hadi leo. Alisema mgeni mwanzoni hupendezwa na kila anachokiona. Kisha maisha ya kila siku yanaanza, na zile ishara ndogondogo anazozitegemea kuelewana na watu, lini kusalimu, lini kuingilia mazungumzo, lini mtu anatania, hazifanyi kazi tena. Hapo huchoka, hununa, hujitenga na kutafuta watu wa kwao. Barua yako imepita humo hatua kwa hatua. Mwaka 1955 mtafiti wa Norwei, Sverre Lysgaard, naye alichapisha utafiti juu ya Wanorwei 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa Marekani wa kubadilishana wasomi. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walionekana kuwa na shida zaidi ya kutulia kuliko waliokaa muda mfupi zaidi, na kuliko waliokaa muda mrefu zaidi. Waliofuata wakachunguza wakakuta si kila mtu hupita njia hiyo. Wapo ambao ugumu huwaanza siku ya kwanza. Ila wazo kwamba raha ya mwanzo hushuka, ni la watu wengi mno kuwa aibu yako peke yako.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Watakuja watu wakuambie vumilia, muda utatibu. Kwa anayekaa miaka minne huo ni ushauri wa maana. Wewe una muhula mmoja na nusu yake imekwisha. Ukingoja hali itengemae yenyewe, itatengemaa wakati unafunga mizigo. Kwa hiyo sitakuambia uvumilie. Nitakuambia uchague sehemu chache, uwaone watu walewale mara nyingi, na uanze wiki hii.

Kuna hesabu ninayopenda vijana waijue. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu muda unaohitajika watu kuwa marafiki, na miongoni mwa aliowachunguza walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotoka tu kuhamia chuoni. Kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida zilihitajika kama saa 50 za kuwa pamoja. Urafiki wa karibu ulipita saa 200. Na muda wa kukaa pamoja kwa sababu ya kazi au masomo peke yake haukusogeza sana. Uliosogeza ni ule wa kupumzika, kula na kuzungumza. Sasa jiulize, na yule jirani wa jikoni mmekaa pamoja muda gani? Nadhani ukijumlisha salamu zote haifiki saa moja. Hajakukataa mwanangu, bado hamjaanza. Wenyeji wana marafiki wao tangu mwaka wa kwanza, wana kazi za jioni, wana wapenzi, na wanajua kwamba wewe muhula ukiisha unaondoka. Wanahitaji sababu ya kukaa nawe, na sababu hiyo lazima uitengeneze wewe. Si haki, nakubali. Mgeni ndiye mwenye shida lakini ndiye anayetakiwa kutangulia. Ndivyo ilivyo.

Chukua kundi moja, si matano. Kwaya, timu ya mpira ya wasio na kipaji, klabu ya wapanda milima, kikundi cha kujitolea, chochote kinachokutana kila wiki na chenye watu walewale. Ukiwa nao saa tatu za shughuli na saa tatu za kukaa baada ya shughuli, kwa wiki 8 zinakuwa saa 48. Umefika. Ukigusa vikundi vinne mara tatutatu, utajua majina mengi na hutakuwa na mtu. Ninakusisitizia zile saa za baada ya shughuli kwa sababu najua utakachotaka kufanya: mazoezi yakiisha utachukua mkoba ukimbilie chumbani. Usikimbie. Wakati watu wanakusanya vifaa na kuulizana wanaelekea wapi, ndipo urafiki unapozaliwa.

Darasani kaa kiti kilekile, karibu na watu walewale, na ufike mapema kidogo. Unaweza kuliona jambo dogo. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach walichapisha jaribio walilolifanya katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Wanawake wanne wanaofanana umbo walipangiwa idadi tofauti ya kuingia kwenye ukumbi wa mihadhara kama wanafunzi wa kawaida: mmoja hakuingia kabisa, wa pili aliingia mara 5, wa tatu mara 10, wa nne mara 15. Hawakuzungumza na mtu yeyote. Mwisho wa muhula wanafunzi walionyeshwa picha zao, na kadiri mwanamke alivyokuwa amehudhuria mara nyingi, ndivyo walivyomwona mtu wa kuvutia na kupendeka. Bila kusema neno! Sasa wewe ambaye unaweza pia kusema "kazi ya wiki hii umeionaje?", unaanzia mbele yao.

Tena omba msaada. Najua umelelewa usiwe mzigo kwa watu, lakini ugenini kuomba msaada mdogo ndiko kunakofungua mlango. Stephen Bochner na wenzake walichunguza mwaka 1977 urafiki wa wanafunzi wa kigeni kule Hawaii, wakaona kila kundi la marafiki lina kazi yake: watu wa kwao kwa ajili ya kuzungumza ya moyoni na kuenzi ya nyumbani, wageni wenzao kwa burudani, na wenyeji zaidi kwa msaada wa masomo na mambo ya kila siku. Chukua mawili hapo. La kwanza, marafiki zako wa kubadilishana si ushahidi wa kushindwa. Wanafanya kazi yao na wanaifanya vizuri, wapende bila kujilaumu. La pili, kwa mwenyeji mlango wa kawaida ni jambo la vitendo. Usikae jikoni ukingoja mazungumzo yajianzishe. Muulize jirani mashine ya kufulia inawekwaje, daktari wa meno yuko wapi, hii barua ya ofisi ina maana gani. Kesho yake mpe jibu: "Nilikwenda, umenisaidia sana." Siku ya tatu mtakuwa na habari yenu wawili.

Masomo sasa, maana naona yanachangia upweke wako kuliko unavyokiri. Mtu anayeogopa kufeli hana nguvu za kutabasamu na jirani.

Maneno ya mhadhiri wako ni ya msaada, ingawa yamekuuma. Ulieleza kila mwandishi amesema nini. Yeye anataka kujua wewe, baada ya kuwasoma wote, unajibuje swali lililoulizwa. Kuna vyuo vinavyompa alama mwanafunzi kwa kuonyesha kwamba amesoma na kuelewa, na kuna vinavyohesabu kusoma na kuelewa kuwa mwanzo tu. Umehama kutoka aina moja kwenda nyingine na hakuna aliyekuambia kwamba sheria zimebadilika. Insha inayofuata, jibu la swali liweke kwenye aya ya kwanza, sentensi moja au mbili: nakubaliana na fulani katika hili, napingana naye katika lile, kwa sababu hizi. Kisha waandishi wote waingie kama mashahidi wa upande wako au wa upinzani. Ukimaliza, futa kila aya ambayo ungeweza kuiondoa bila jibu lako kuyumba. Ukiwa na rasimu ya ukurasa mmoja, ipeleke kwa mhadhiri saa zake za kuonana na wanafunzi umuulize kitu kimoja tu: "Hoja yangu inaonekana?" Uliza pia kama chuo kina kituo cha kusaidia uandishi, na usome kwa makini kanuni zao za kunukuu, kwa sababu hapo mgeni anaweza kuadhibiwa kwa jambo ambalo kwao halikuwa kosa.

Ukiwa ofisini kwake mwambie na hili la semina: "Naelewa mjadala, ila nachelewa kuingia." Mhadhiri mwenye busara atakuita kwa jina, au atakupa swali siku moja kabla. Upande wako, usijaribu kuingia mjadala ukiwa umepamba moto. Andika swali au hoja moja nyumbani, uiseme katika dakika kumi za mwanzo, wakati bado watu wanatafuta pa kuanzia na ukimya unamsumbua kila mtu. Ukishasema mara moja, kifua kinalegea, na mara ya pili huwa haihitaji kuandikwa.

Kikundi chako ni suala la kulisema wazi. Andika ujumbe wa upole kwenye kundi: "Jamani, naomba mipango ya kazi tuiandike kwa lugha ya darasani ili nami nichangie. Ningependa kuandika sehemu ya pili na kuiwasilisha." Huenda hawajafikiri kabisa kwamba unaumia, mmoja wao anakufupishia na kwa maoni yao hiyo ni hisani. Chagua sehemu unayoimudu na uifanye vizuri kupita kiasi. Wakikataa au wakipuuza, mweleze mhadhiri mapema, kabla ya alama, maana baada ya alama itaonekana lawama. Na ikitokea dharau ya kweli, matusi kwa sababu ya rangi, dini au utokako, hilo halisubiri subira yako. Weka ushahidi uende kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Angalia pia uzito uliobeba. Katika mfumo wa alama za masomo unaotumika Ulaya, mwaka mzima una krediti 60, muhula 30, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Maana yake muhula mmoja ni saa 750 hadi 900, kwa mtu anayesoma lugha aliyoizoea. Nchi uliyopo inaweza kuwa na mfumo mwingine, lakini swali ni lilelile: umejisajili kozi ngapi na chuo chako cha nyumbani kinakudai ngapi? Muulize mratibu kama kuna kozi inayoweza kupunguzwa. Muulize pia kama chuo chako kitahamisha alama zenyewe au kitaandika tu kwamba umefaulu. Vyuo hutofautiana, na wapo wanafunzi wanaojitesa kwa alama ambazo hazitaonekana popote kwenye cheti chao. Ukibadilisha chochote, pata ridhaa ya maandishi kutoka pande zote mbili.

Simu za usiku. Sikukatazi kuongea na mama yako, Mungu aniepushe. Lakini unazitumia saa zilezile ambazo jikoni kuna watu, kisha zinakula usingizi wako, kisha unaamka huna nguvu za kuongea na mtu, kisha jioni unapiga simu kwa sababu hukuongea na mtu. Chagua siku mbili au tatu kwa wiki na saa ambayo haikuibii jioni.

Katika simu inayofuata, wazazi wako waambie ukweli kabla hujaamua kurudi au kubaki. Siri ndiyo inayokuchosha kuliko masomo: kila usiku unaigiza furaha mbele ya watu pekee ambao ungeweza kulia mbele yao. Sema hivi, au kwa maneno yako: "Mama, Baba, masomo ni magumu kuliko nilivyotarajia na nina upweke. Sina ugonjwa, na nimeanza kushughulika. Siwaambii ili mnitumie nauli, nawaambia ili mjue ninyamazapo nina nini." Baba aliyetangaza sifa zako kwa kila mtu alijivunia mtoto wake. Yeye pia amewahi kuanza kazi mahali asipojua mtu. Mwulize ilikuwaje, mwache azungumze. Na zile picha za zamani acha kutuma. Piga ya meza yako yenye vitabu.

Kuhusu kurudi, usiamue ukiwa umetoka kupokea alama mbaya. Nenda kwa mratibu upate majibu ya vitendo: ukiondoka sasa, fedha za ufadhili utarudisha kiasi gani? Viza yako inategemea usajili wa chuo, je, unapewa muda gani wa kuondoka? Chuo cha nyumbani kitakupokea katikati ya muhula au utakaa bure hadi ujao? Kuuliza si kuondoka, na mratibu amesikia maswali hayo kabla yako. Kisha weka tarehe kwenye kalenda, wiki nne kuanzia leo. Katika wiki hizo fanya machache niliyosema: kundi moja, kiti kimoja, rasimu kwa mhadhiri, ukweli nyumbani. Tarehe ikifika na ukakuta bado unaamka na jiwe kifuani, omba kurudi, kwa utaratibu, ukiwa na barua ya mratibu na matokeo ya kazi ulizomaliza, ili jasho lako la miezi hii lihesabiwe nyumbani. Nitakuunga mkono bila neno la lawama. Ukikuta una hamu ya kujua kikundi kitapangaje wasilisho la wiki ijayo, baki umalize.

Shangazi yako